Kichwa cha ghafla si karuho kila mara: somo kutoka picha za ubongo

Katika mitaa ya Goma, Sake na Bukavu, mambo huenda hivi. Mama aliyeamka mzima anainama kuinua bidoni ya maji, anashika kichwa na kupiga kelele, anatapika, anaanguka. Saa moja haijapita na neno limeshatajwa: karuho. Jirani aliyemkaribisha chai juzi anaanza kutazamwa vibaya. Shemeji asiyepatana naye anaulizwa alikuwa wapi jana jioni. Mgonjwa mwenyewe anapelekwa kwa mganga wa kienyeji akanyweshwe dawa ya kutapisha, au katika chumba cha maombi. Hospitali inakuja nyuma ya hao wote, siku ya pili au ya tatu, na mara nyingi wakati huo mama hasemi tena.

Kwamba watu hupeana sumu, hakuna mkaaji wa Kivu anayehitaji kufundishwa. Lakini maumivu ya kichwa yanayofika kileleni ndani ya dakika moja, kama mtu aliyepigwa nyundo kisogoni, yana chanzo kingine kinachojulikana kwa muda mrefu, na kinaweza kuonekana katika picha. Kuwachongea majirani kabla ya chanzo hicho kutafutwa ni kumpoteza mgonjwa na kuvunja mtaa kwa wakati mmoja. Familia iliyokimbia vita mara mbili au tatu, inayoishi kwa kuhifadhiwa na watu wasio ndugu zake, haiwezi kubeba ugomvi wa namna hiyo.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Mshipa wa damu chini ya ubongo, mahali unapogawanyika matawi, unaweza kuchoka ukuta wake na kutokeza uvimbe mdogo, kama mpira wa ndani wa baiskeli unavyotokeza puto pale ulipolegea. Madaktari wanauita aneurisma. Katika watu wazima 100, kama 3 wanao bila kujua, na wengi wao watakufa wazee kwa sababu nyingine kabisa. Tumbaku huongeza hatari ya kupasuka. Tansio iliyopanda vilevile, na hapo ndipo habari hii inawahusu waliohama: mtu mwenye tansio akikimbia risasi usiku kutoka Masisi au Rutshuru, vidonge vyake vinabaki juu ya meza, na inaweza kupita miezi kabla mtu mwingine hajampima mkono.

Puto likipasuka, damu inamwagika kwa nguvu kuzunguka ubongo. Kati ya wagonjwa 100, 10 hadi 15 wanakufa kabla ya kufika hospitali. Kwa wanaofika, hatari ya kwanza ni puto kupasuka tena, na saa 24 za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Ndiyo sababu kumtapisha mtu wa namna hii kwa makusudi ni jambo la kuogopesha: kila anapokakamaa kutapika, presha ya kichwani inapanda juu ya jeraha ambalo bado halijafunga. Ndiyo sababu pia aspirini, diklofenaki au ibuprofeni ya famasi ya barabarani haifai kwake, kwa kuwa dawa hizo zinazuia damu kuganda.

Hayo ya siku ya kwanza, wauguzi wengi wanayafahamu. Kinachojulikana kidogo, na ambacho kinaua watu walioonekana wamepona, ni yale yanayofuata.

Mgonjwa anazinduka. Anaomba uji, anawatambua watoto. Familia inamshukuru Mungu, inahesabu deni la hospitali, inaomba ruhusa ya kurudi nyumbani. Siku ya sita anaanza kuwa mzito wa usingizi. Siku ya saba mkono mmoja hauinuki, maneno yanachanganyika. Hapo ndipo hata waliokuwa wameacha habari ya karuho wanairudia: "Wamemmalizia hukohuko hospitalini." Kumbe hakuna aliyemgusa. Kati ya siku ya tatu au ya nne na siku ya kumi na nne, mishipa ya ubongo iliyologa katika damu iliyomwagika huanza kubana, na sehemu za ubongo hukosa damu siku nyingi baada ya mpasuko wenyewe.

Jambo hilo lilijulikana kwa sababu watu walijifunza kupima damu na oksijeni ndani ya kichwa cha mtu aliye hai. Mwaka 1945 huko Philadelphia, Marekani, Seymour Kety na Carl Schmidt walieleza namna ya kumvutisha mtu gesi isiyo na sumu na kulinganisha damu inayopanda kichwani na ile inayoshuka shingoni. Hesabu ya namna hiyo ilionyesha kwamba ubongo unapokea kama mililita 50 za damu kila dakika kwa kila gramu 100 za uzito wake. Kwa ubongo mzima ni karibu chupa moja kubwa ya bia kila dakika, mchana na usiku. Kiungo ambacho ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili kinachukua karibu asilimia 20 ya oksijeni yote.

Lakini hesabu hiyo ilikuwa ya kichwa kizima, na ubongo wa mgonjwa unaweza kuwa mzima upande mmoja na kukauka upande wa pili. Miaka ya 1970, katika mji wa St. Louis, Marekani, Michel Ter-Pogossian na wenzake walitengeneza mashine inayoitwa PET. Mgonjwa anapewa kiasi kidogo cha oksijeni iliyotiwa mionzi, kwa kuvuta pumzi au ndani ya maji ya sindano, na mashine inafuata mionzi hiyo ikizunguka kichwani. Inatoa picha tatu: damu inayofika, sehemu ya oksijeni ambayo ubongo unaichota kutoka damu hiyo, na oksijeni inayotumika kweli.

Mtu aliyeishi kambini anaweza kuelewa picha hizo tatu kuliko mtu mwingine yeyote. Familia inaletewa bidoni tano za maji kwa siku na inatumia mbili. Hivyo ndivyo ubongo mzima ulivyo: unachota kama asilimia 40 ya oksijeni iliyoletwa, nyingine inaondoka na damu bila kuguswa. Gari la maji likichelewa, zikaja bidoni tatu tu, mama hapiki kidogo zaidi. Anatumia mbili zilezile katika tatu, na hakuna tone linalomwagwa. Anayetazama moshi wa jikoni kwa mbali haoni tofauti yoyote. Anayehesabu bidoni ndiye anayeona kwamba nyumba hii imefika ukingoni, na kwamba ikikosa bidoni nyingine moja au mbili, moto utazimwa.

Kazi ya picha za PET ni kuhesabu bidoni. Tangu mwaka 1977, Robert Grubb na wenzake wa St. Louis walikuwa wameshapima, kwa njia ya zamani zaidi ya oksijeni ya mionzi, kwamba wagonjwa ambao mishipa yao imebana sana baada ya mpasuko wana damu pungufu na matumizi pungufu ya oksijeni. Mwaka 1991 utafiti mwingine wa mji huohuo, safari hii kwa PET, ulitenganisha mambo mawili ambayo watu walikuwa wanayachanganya. La kwanza: hata kabla mishipa haijabana, ubongo uliopatwa na mpasuko unatumia oksijeni pungufu kwa robo nzima, na sehemu unayochota katika damu haijabadilika. Yaani nyumba imepigwa na bumbuazi. Haiombi maji kama zamani, na gari la maji nalo limepunguza safari kwa kadiri hiyo. Hapo njaa ya damu haipo. Pigo lenyewe la damu iliyomwagika ndilo lililopunguza kazi ya ubongo. La pili: mishipa ikibana, damu inashuka zaidi, ubongo unaanza kuchota sehemu kubwa zaidi, na matumizi yanabaki palepale. Hapo ndipo nyumba ina kiu. Lakini bado haijafa.

Neno hilo "bado" ndilo la kushika katika habari yote hii. Kwa jumla, damu ikishuka chini ya mililita 20 kwa dakika kwa gramu 100, sehemu hiyo ya ubongo inaacha kazi: mkono hauinuki, ulimi unakuwa mzito. Ikishuka karibu na 10 na kukaa hapo, chembe zinakufa na hakuna wa kuzifufua. Katikati kuna nafasi ya saa kadhaa, pengine zaidi, ambamo mgonjwa anaonekana ameshaharibika na kumbe anaweza kurudishwa. Anayemwambia mume wa mgonjwa siku ya saba kwamba "basi, ni mapenzi ya Mungu" huenda anasema hivyo ndani ya nafasi hiyohiyo.

Ujuzi huu ulibadili matunzo, na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo haikuhitaji mashine. Zamani, chumvi ikishuka katika damu ya wagonjwa hawa, madaktari waliwanyima maji. Mwaka 1985 madaktari wa Uholanzi walionyesha kwamba wagonjwa walionyimwa maji ndio waliokuwa wanapata vidonda vya ubongo kwa wingi. Bidoni zimepungua, nao wakapunguza nyingine. Tangu hapo kanuni imegeuka: mgonjwa asikaushwe, apewe serumu ya kutosha, na tansio yake isishushwe ovyo wakati mishipa imebana. Hili la mwisho linahitaji daktari mwenye akili tulivu, maana siku ya kwanza, puto likiwa bado wazi, tansio ya juu sana ni adui, na siku ya saba, puto likishafungwa, tansio hiyohiyo inaweza kuwa ndiyo inayosukuma tone la mwisho hadi mwisho wa mshipa.

Halafu kuna kidonge kimoja, nimodipini. Mwaka 1989 utafiti wa Uingereza wenye wagonjwa 554 ulitangaza kwamba waliopewa dawa hii walipata vidonda vya ubongo kwa asilimia 22, na waliopewa kidonge kitupu kwa asilimia 33. Miligramu 60 kila saa nne, kwa siku 21. Ukihesabu kwa vidonge vya miligramu 30, ni vidonge 252 kwa mgonjwa mmoja. Cha ajabu ni kwamba dawa hii haionekani kufungua mishipa iliyobana katika picha za eksirei. Inauokoa ubongo kwa njia nyingine. Na kinyume chake, dawa iitwayo klazosentani ilifanikiwa kupunguza kubana kwa mishipa, lakini utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2011 haukuona wagonjwa wakitoka hospitali wakiwa na hali bora. Picha za 1991 zilikuwa zimeshaonya: bomba peke yake halielezi kila kitu, lazima kuitazama nyumba inayotumia maji.

Damu ya kuongezewa nayo ina hadithi yake. Mwaka 2009 watafiti wa St. Louis waliwaweka katika mashine wagonjwa wenye upungufu wa damu, wakawaongezea damu, na picha zikaonyesha oksijeni nyingi zaidi inafika katika ubongo, nao hauhitaji tena kuchota kwa nguvu. Wengi walidhani jambo limekwisha. Lakini utafiti mkubwa uliotangazwa mwishoni mwa mwaka 2024 ulilinganisha kuongeza damu mapema na kusubiri, na baada ya mwaka mmoja tofauti kati ya makundi mawili haikuwa kubwa vya kutosha kuthibitisha faida. Kwa hiyo hata picha nzuri haitoshi kuwa sheria. Wanaouza vipimo vya bei kali katika miji hii kwa kusema "mashine imeona" wangefaa kukumbuka hilo.

Sasa, je, Goma idai mashine ya PET? Hapana, na anayeiahidi katika kampeni asisikilizwe. Oksijeni ya mionzi inayotumika inapoteza nusu ya nguvu yake kila dakika mbili. Lazima itengenezwe na mtambo mkubwa uliosimama jirani na kitanda cha mgonjwa, pamoja na umeme usiokatika na mafundi wake. Hata Ulaya na Marekani ni hospitali chache zinazopima wagonjwa kwa njia hiyo, na kwa utafiti zaidi kuliko kwa tiba ya kila siku. Mashine ilikuwa ya kujifunzia. Waliojifunza wameshajifunza, na walichokiona kinaweza kutumika mahali ambapo mashine haitafika kamwe.

Kinachostahili kudaiwa ni kidogo zaidi, na kwa hiyo kisingizio cha kukikosa nacho ni kidogo. Skaneri ya kawaida, ikifanywa ndani ya saa sita za kwanza na kusomwa na anayejua, inakosea mara chache sana kuiona damu hii. Saa zikipita uwezo wake unapungua, na hapo maji ya uti wa mgongo, kipimo ambacho hospitali za huku zinakifahamu kwa ajili ya mutwe wa shingo ngumu na homa, yanaweza kuonyesha damu au rangi ya manjano iliyobaki. Kuna pia kifaa cha mawimbi ya sauti kinachowekwa pembeni ya kichwa, kati ya jicho na sikio. Rune Aaslid na wenzake walikitangaza mwaka 1982. Kinapima kasi ya damu katika mishipa mikubwa, si kiasi chake wala oksijeni, lakini kinabebeka mkononi na kinaweza kurudiwa kila siku bila mionzi. Mshipa ukibana, kasi inapanda, kama maji katika mpira uliobanwa kwa kidole.

Zaidi ya vifaa kuna hesabu ya siku. Mashirika yanayolipia matunzo ya waliohama, na hospitali zinazowapokea, mara nyingi huhesabu kwa siku chache: mgonjwa amezinduka, kitanda kinahitajika, aende. Kwa malaria ni sawa. Kwa mpasuko huu, kumtoa mgonjwa siku ya tano kwa sababu anakula uji ni kumtoa mlangoni mwa hatari. Wiki mbili za kuangaliwa kila saa chache na vidonge 252 vingeingia katika makubaliano ya malipo kwa maandishi, kila muuguzi angekuwa na kitu cha kumwonyesha mhasibu.

Wapo watakaosema kwamba huu ni ugonjwa wa nadra, na kwamba kipindupindu, risasi na utapiamlo vinatangulia. Wana haki kwa sehemu. Mwezi wa kwanza 2025, majeruhi walipojaa katika hospitali za Goma na uwanja wa ndege ukafungwa, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufikiria aneurisma. Na upasuaji wa kulifunga puto lenyewe bado ni wa mbali. Mwenye pesa anavuka mpaka kwenda Kigali, asiye nazo anabaki. Lakini ukiitazama orodha yenyewe, kipimo cha tansio, vidonge vya tansio kwa waliohama, serumu, oksijeni, damu, gari la kumfikisha mgonjwa kabla ya usiku, hakuna kitu hapo ambacho ni cha ugonjwa huu peke yake. Mama mwenye kifafa cha mimba anavihitaji. Kijana mwenye risasi anavihitaji. Kilicho cha ugonjwa huu peke yake ni vidonge 252 na uvumilivu wa wiki mbili.

Machifu wa mitaa na wachungaji wana sehemu ambayo hospitali haiwezi kuifanya. Wao ndio wanaoitwa kwanza mtu anapoanguka, na wao ndio wanaoweza kuwaambia watu wawili wenye miguu myepesi wamchukue mgonjwa hospitali huku wengine wakisali. Maombi hayahitaji mgonjwa awe chumbani. Na ugomvi wa karuho unaweza kusubiri jibu la daktari. Majirani hawatahama kesho.

Familia ikifika mapokezi, mambo machache yanamsaidia daktari kuliko maelezo marefu juu ya adui. Kichwa kilianza saa ngapi, na kilipanda polepole au mara moja. Alikuwa anafanya nini. Alizimia au hapana. Shingo imekakamaa. Ana tansio, na alikunywa dawa mara ya mwisho lini. Ameshanywa nini tangu aanguke, hata kama ni dawa ya mganga, bila aibu. Na kuanzia siku ya tatu, anayemlinda mgonjwa kitandani amwombe kila asubuhi na kila jioni ainue mikono yote miwili na kutaja majina ya watoto wake. Siku atakaposhindwa, asingojee zamu ya asubuhi. Amwite muuguzi saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.